Mashahidi Tunawajua, Walioanguka Je?

Tarehe 26 Juni mwaka 250, mzee wa miaka 72 aitwaye Aurelius Diogenes, mwana wa Satabous, alipeleka karatasi ya mafunjo mbele ya kamati ya matambiko ya kijiji chake huko Fayum, Misri. Karatasi hiyo ipo mpaka leo. Ina jina lake, jina la baba yake, kijiji, umri, na alama ya kumtambulisha: kovu kwenye nyusi ya kulia. Kisha yanafuata maneno ambayo ukiyasoma kwenye karatasi moja umeyasoma kwenye zote: nimeitambikia miungu siku zote, na sasa mbele yenu, kama amri ilivyoagiza, nimetambika, nimemimina kinywaji, nimeonja nyama ya sadaka, naomba mthibitishe hapa chini.

Vyeti vya namna hiyo vimepatikana zaidi ya 40 katika mchanga wa Misri, na tarehe zake ni za Juni na Julai mwaka huohuo. Kwenye vile vya kijiji cha Theadelphia, watia saini ni walewale, Aurelius Serenus na Aurelius Hermas: "Tulikuona ukitambika." Kimoja ni cha Aurelia Ammonous, kuhani wa Petesouchos, mungu mamba. Kuhani wa kipagani naye alitakiwa kuleta uthibitisho kwamba anaabudu miungu. Hapo ndipo unapoielewa amri ya Kaisari Decius. Haikutoa orodha ya Wakristo wala haikuagiza wasakwe. Ilimtaka kila mkazi wa dola afanye tendo moja dogo mbele ya mashahidi na aondoke na karatasi. Asiyekuwa na karatasi alijitangaza mwenyewe.

Tumezoea kusimuliwa dhuluma za Kanisa la kwanza kwa hesabu ya waliokufa: nani alitupiwa simba, nani alichomwa, nani alikatwa kichwa. Simulizi hiyo ni ya kweli, lakini inaruka kundi kubwa kuliko yote. Mwaka 250 waliotambika au kununua cheti walikuwa wengi kupita kiasi, na mara upepo ulipotulia walibisha hodi kanisani wakitaka kurudi. Swali la kuwapokea ndilo lililowachosha akili watu wenye vichwa vizito wa zama zile, ndilo lililolipasua Kanisa la Afrika Kaskazini, na majibu yake ndiyo yaliyotupatia sehemu kubwa ya kanuni za kitubio, mamlaka ya askofu na umoja wa Kanisa. Waliokufa walilipa Kanisa heshima yake. Walioanguka wakarudi ndio waliolilazimisha lifikiri.

Kabla ya Decius, mambo hayakuwa hivyo. Mwongozo uliotumika ulitoka kwa Kaisari Trajan, karibu mwaka 112, alipomjibu Pliny, liwali wa Bithynia na Ponto. Pliny alieleza utaratibu wake: mshitakiwa anaulizwa mara tatu kama ni Mkristo, huku akitishiwa adhabu, akishikilia, anauawa, akiwa raia wa Roma, anapelekwa Roma, akikana, anafukiza ubani na kumimina divai mbele ya sanamu ya Kaisari, kisha anaachiwa. Trajan akaafiki, akaongeza masharti mawili: wasitafutwe, na mashitaka yasiyo na jina la mshitaki yasipokelewe.

Tertuliani wa Karthago, mji mkuu wa Afrika ya Kirumi ulio katika Tunisia ya leo, mwanzilishi wa uandishi mkubwa wa Kikristo kwa Kilatini, aliishambulia hukumu hiyo karibu mwaka 197 kwa hoja ambayo wakili yeyote angeionea wivu. Kama ni wahalifu, kwa nini msiwatafute? Kama hamwatafuti, kwa nini mwaadhibu? Na kwa nini mhalifu wa kila aina mnamtesa ili akiri, ila Mkristo peke yake mnamtesa ili akane? Yeye pia ndiye aliyewaambia watawala kwamba damu ya Wakristo ni mbegu, maneno yanayonukuliwa mpaka leo. Lakini mbegu hiyo ilikuwa ya kuhesabika. Mnamo mwaka 180 walihukumiwa Karthago watu 12 wa Scilli, wanaume 7 na wanawake 5, baada ya liwali kuwapa siku 30 za kufikiri nao wakazikataa. Mwaka 203, mjini humohumo, alikufa Perpetua, mama wa miaka kama 22 aliyekuwa bado ananyonyesha, pamoja na Felisita na wenzao. Na Origene, msomi mkubwa wa Aleksandria ambaye baba yake mwenyewe aliuawa kwa ajili ya imani, aliandika karibu mwaka 248 kwamba waliokufa kwa ajili ya dini ya Kikristo mpaka wakati huo ni wachache, na ni rahisi kuwahesabu. Miaka miwili baadaye alikuwa gerezani, miguu imebanwa kwenye mkatale, na alifariki baadaye akiwa ameumizwa na mateso yale.

Kilichobadilika ni nini? Mwaka 212 Kaisari Caracalla aliwapa uraia karibu watu huru wote wa dola. Ndiyo maana vyeti vya Fayum vimejaa akina Aurelius na Aurelia: ni jina la ukoo wa Kaisari lililochukuliwa na raia wapya. Decius, aliyeingia madarakani mwaka 249 mipaka ikiwa inavamiwa na fedha ikiwa imeshuka thamani, aliona kwamba raia wote wanaweza kudaiwa ibada kama wanavyodaiwa kodi, na kwa utaratibu uleule: kamati ya mtaa, daftari, saini, tarehe. Alichukua ukarani wa kodi akaupeleka madhabahuni. Huo ndio ugunduzi wake, na ndiyo sababu amri yake iliwaumiza Wakristo kuliko visa vyote vya miaka 200 iliyotangulia.

Kwa Karthago tunayo picha ya karibu, kwa sababu askofu wake aliiandika akiwa na uchungu. Sipriani anasimulia jinsi watu walivyopandia Kapitolio, hekalu kuu la mji, kabla hata ya kukamatwa. Jua likaanza kutua, mahakimu wakawaambia waje kesho, nao wakaomba wasiahirishwe. Wazazi walibeba watoto wachanga mikononi. Mtoto mmoja wa kike, aliyeachwa kwa yaya wake, alilishwa mkate uliochovywa katika divai ya tambiko kwa kuwa nyama hakuweza kuila kwa umri wake.

Namna za kuanguka zilikuwa tatu, na tofauti zake zina uzito katika yote yatakayofuata. Wa kwanza walichinja au kula nyama ya sadaka. Wa pili walitupa ubani kidogo motoni, basi. Wa tatu hawakugusa chochote. Walipata cheti kwa fedha. Hawa wa tatu walikuwa na utetezi wao, na Sipriani ameutunza: nilimwendea hakimu, nikamwambia mimi ni Mkristo, siruhusiwi kukaribia madhabahu ya mashetani, basi natoa hongo nisifanye nisichoruhusiwa. Mtu huyu aliamini kwamba fedha imemwokoa. Alishtuka sana aliposikia kwamba hata hilo ni dhambi.

Waliokataa hawakuuawa mara moja, maana maiti haitambiki. Serikali ilitaka watambike. Walinyang'anywa mali, walipelekwa uhamishoni, au waliwekwa gerezani kwa njaa na kiu. Lucianus, mmoja wa wafungwa wa Karthago, alimwandikia rafiki yake Celerinus aliyekuwa Roma kwamba wamefungiwa katika vyumba viwili kwenye joto kali, na kabla ya hapo kwa siku tano walipewa mkate kidogo na maji ya kupimwa. Barua ile inaorodhesha majina ya waliokufa kwa njaa.

Hapa Kiswahili kinatusaidia kuona jambo ambalo lugha nyingi za Ulaya zimelipoteza. Neno la Kigiriki la mtu aliyekufa kwa ajili ya imani lilikuwa neno la mahakamani, sawasawa na letu: shahidi. Aliyeona akasema. Wakristo wa karne ya tatu walianza kuwatofautisha aliyetoa ushahidi akafa na aliyetoa ushahidi akabaki hai. Huyu wa pili walimwita muungamaji. Na waungamaji waliokuwa gerezani walikuwa na heshima ambayo askofu aliyejificha hakuwa nayo.

Maana Sipriani alijificha. Alikuwa mtu wa mali, mwalimu wa ufasaha, aliyebatizwa karibu mwaka 246 na kufanywa askofu miaka miwili mitatu tu baadaye, kwa kelele za waumini na huku mapadri watano wakipinga. Decius alipotoa amri, Fabiano, askofu wa Roma, alikufa tarehe 20 Januari 250. Sipriani akaondoka mjini. Mapadri wa Roma wakaandika barua kwenda Karthago yenye maneno ya kuchoma kuhusu mchungaji wa mshahara anayewakimbia kondoo mbwa mwitu anapokuja. Majibu ya Sipriani ni ya mtu aliyefundishwa kutetea kesi: aliwarudishia barua yenyewe, akasema kwamba mwandiko, maana, na hata karatasi vinamtia shaka, hivyo waangalie kama kweli ndiyo waliyoituma. Baadaye akawatumia nakala za barua zake 13 alizowaandikia watu wake kutoka mafichoni, ili waone kama kazi imesimama.

Kukimbia kwake kuna uzito wa pekee kwa sababu Tertuliani alikuwa ameandika kitabu kizima cha kukataza kukimbia dhuluma. Na Sipriani hakuwa na mwandishi aliyempenda zaidi. Jeromu, mwanazuoni wa Kanisa wa karne ya nne, anasimulia kwamba kila siku alikuwa akimwambia karani wake, "Nipe mwalimu," akimaanisha vitabu vya Tertuliani. Mwanafunzi alimsoma mwalimu kila siku, na siku ya hatari akafanya kinyume. Kwa maoni yangu alifanya vyema. Tertuliani alimfikiria muumini mmoja na dhamiri yake. Sipriani alikuwa na jumuiya ya kulisha, wafungwa wa kupelekewa chakula, wajane, na mapadri ambao nusu walikuwa wameyumba. Mtu wa kuamua habari ya walioanguka alipaswa kuwa hai.

Na walioanguka hawakungoja. Ilikuwepo desturi ya zamani: aliyetenda dhambi kubwa alimwomba muungamaji amwombee, na muungamaji aliandika hati ya amani kwenda kwa askofu, yaani ombi kwamba mtu huyo apokewe tena katika Kanisa. Desturi hiyo ilifaa watu wachache. Mwaka 250 ilikutana na umati. Sipriani analalamika kwamba hati zilitolewa kwa maelfu kila siku, tena nyingine zimeandikwa hivi: "Fulani apokewe pamoja na watu wake." Watu wake wangapi? Mke na watoto? Watumwa? Wapangaji wa shamba? Askofu aliona mbali: kwa hati moja wanaweza kuletwa watu 20, 30 na zaidi, hakuna hata mmoja aliyetajwa kwa jina, hakuna aliyehojiwa, hakuna aliyejulikana kama alianguka kwa mateso au kwa kuharakia Kapitolio jioni. Ilikuwa kama hundi iliyotiwa saini bila kuandikwa kiasi.

Ukaribie zaidi. Shahidi mmoja, Paulus, alimwachia Lucianus wosia: yeyote atakayeomba amani baada ya kufa kwangu, mpe kwa jina langu. Lucianus akaandika kwa jina la Paulus aliyekwisha kufa. Akaandika pia kwa jina la kijana Aurelius, aliyeteswa kweli, kwa kuwa kijana huyo hakujua kuandika. Mkono mmoja ukatoa hati kwa majina ya watu kadhaa. Mwishowe waungamaji wote wakamwandikia Sipriani barua fupi kuliko zote katika mkusanyo wake: ujue kwamba tumewapa amani wote.

Wako wanaosoma mgogoro huu kama askofu mwenye wivu anayegombea madaraka na mashujaa wa gerezani. Sikubaliani nao. Tazama jinsi mambo yalivyofanana. Serikali ilikuwa inatoa vyeti kwa jumla ili kumaliza suala la imani bila kuiangalia roho ya mtu. Waungamaji, kwa upendo wao, nao walikuwa wanatoa vyeti kwa jumla. Sipriani alikataa karatasi zote mbili kwa sababu ileile: mtu anarudi kwa uso wake, kwa jina lake, na kwa yaliyompata yeye. Alikubali jambo moja tu la haraka, nalo ni kwamba mwenye hati aliyekuwa mahututi apokewe na padri yeyote aliye karibu, au shemasi kama padri hapatikani.

Amri ya Decius ilipoishiwa nguvu, Sipriani alirudi baada ya Pasaka ya mwaka 251 na kuitisha mtaguso wa maaskofu. Kilichofanywa pale kinastahili kusomwa na yeyote anayeongoza taasisi iliyotoka kwenye maafa. Kila kesi isikilizwe peke yake. Aliyenunua cheti bila kutambika, akichunguzwa, apokewe. Aliyetambika akae katika kitubio, na akikaribia kufa apewe amani. Na maswali ya kuulizwa yalikuwa mahsusi: Ulikwenda kwa neno la kwanza, au ulishindana muda mrefu mwili ukashindwa? Uliwaburuta mkeo, watoto, wapangaji na rafiki zako madhabahuni? Au ulikwenda wewe peke yako ili nyumba yote isiguswe? Baba aliyetambika ili kuwakinga waliomo nyumbani mwake hakuwekwa kapu moja na aliyewaswaga watu wake kama mbuzi.

Utaratibu huo ulishambuliwa pande mbili. Karthago kwenyewe, shemasi Felicissimus na mapadri waliompinga Sipriani walitaka mlango uwe wazi mara moja. Roma ilikuwa kinyume. Kornelio alichaguliwa askofu mwezi Machi 251, na padri Novatian akajiweka askofu wa upande wa pili, akishikilia kwamba Kanisa halina uwezo wa kumrudishia amani aliyetambika, hata akiwa kitandani anakata roho. Novatian hakuwa mjinga. Kitabu chake juu ya Utatu ni miongoni mwa kazi bora za Kilatini za karne ile. Lakini alitaka Kanisa la walio safi tu, katika mji ambao Kanisa lake, kwa hesabu ya Kornelio mwenyewe, lilikuwa na mapadri 46, mashemasi 7, mashemasi wadogo 7, waakoliti (wasaidizi wa ibada) 42, wapunga pepo, wasomaji na mabawabu 52, na wajane na wahitaji zaidi ya 1,500 waliolishwa nalo. Kanisa la ukubwa huo lina watu wa kila namna.

Jibu lililo zuri kuliko yote kwa Novatian halikutoka Karthago wala Roma. Lilitoka kwa Dionisi, askofu wa Aleksandria, aliyemwandikia mwenzake wa Antiokia aliyeanza kuelekea upande wa Novatian. Badala ya hoja alimpa kisa. Mzee Serapion alikuwa ametambika. Akaugua, akakaa siku tatu bila kusema. Ya nne akazinduka na kumtuma mjukuu wake usiku amwite padri. Padri naye alikuwa mgonjwa, hakuweza kutoka. Lakini Dionisi alikuwa ameagiza kwamba wanaokufa wasinyimwe amani wakiiomba. Padri akampa mtoto kipande kidogo cha Ekaristi, akamwambia akilowanishe na kumdondoshea mzee kinywani. Mtoto akakimbia, akafanya hivyo, mzee akameza, akakata roho. Dionisi akauliza: si dhahiri kwamba alitunzwa hai mpaka afunguliwe?

Karthago nayo ilijifunza kulegeza. Chini ya Kaisari Gallus, aliyemfuata Decius, ilipoonekana dhuluma mpya inakuja, na tauni ikiwa tayari inaua mitaani, maaskofu 42 walikutana na kuamua kwamba wote waliokuwa katika kitubio wapewe amani sasa, hata waliotambika. Sababu yao ni ya kichungaji kabisa: tutamwambiaje mtu akamwage damu yake kwa kulikiri jina la Kristo, ikiwa tunamnyima damu ya Kristo? Tutamwandaaje kwa kikombe cha ushahidi kama hatumruhusu kwanza kunywa kikombe cha Bwana? Angalia mwendo wake: mwaka 250 anasema ngojeni, 251 anasema mmoja mmoja, na muda mfupi baadaye anasema wote. Wapo wanaomwita kigeugeu. Lakini swali lake lilikuwa moja wakati wote: mtu huyu anahitaji nini ili asimame mara ya pili?

Pale Sipriani alipoteleza, kwa maoni yangu, ni kwenye ubatizo. Wafuasi wa Novatian walikuwa wakibatiza watu. Mtu aliyebatizwa kwao akija kwetu, abatizwe upya? Stefano, askofu wa Roma, alisema hapana, awekewe mikono tu. Sipriani alisema ndiyo: nje ya Kanisa hakuna Roho, na asiye na Roho hawezi kumpa mwingine. Tarehe 1 Septemba 256 maaskofu 87 wa Afrika walitoa kauli zao mmoja baada ya mwingine, wote upande wake. Kwa mtu aliyeandika kwamba hawezi kuwa na Mungu kama Baba yule asiye na Kanisa kama Mama, hoja hiyo ilifuatana vizuri. Hatari yake ni kwamba iliifunga sakramenti kwenye hali ya anayeitoa. Mtu wa baadaye angeweza kuichukua na kuuliza: na askofu aliyeanguka kwa siri, ubatizo wake una nini?

Ugomvi na Roma ulikatwa na Kaisari Valerian. Huyu alikuwa amesoma makosa ya Decius. Aliwaacha umati akalenga vichwa. Amri ya mwaka 257 iliwapeleka viongozi uhamishoni: tarehe 30 Agosti Sipriani alihojiwa na liwali Paternus na kupelekwa Curubis, mji wa pwani. Amri ya mwaka 258 iliagiza maaskofu, mapadri na mashemasi wauawe mara moja, watu wa baraza la seneti wavuliwe cheo na mali, wanawake wa hadhi wanyang'anywe mali na kuhamishwa, na watumishi wa nyumba ya Kaisari wapelekwe mashambani wamefungwa minyororo. Papa Sisto wa Pili aliuawa makaburini Roma tarehe 6 Agosti. Tarehe 14 Septemba ilikuwa zamu ya Karthago. Kumbukumbu ya mahojiano ni fupi. "Wewe ndiwe Thascius Cyprianus?" "Ndimi." Hukumu ikasomwa kutoka kwenye kibao: afe kwa upanga. Akasema, "Deo gratias," ashukuriwe Mungu. Uwanjani alivua joho lake, akaagiza mwenye upanga apewe sarafu 25 za dhahabu, na waumini wakatandika vitambaa mbele yake. Aliyeambiwa kwamba ni mchungaji wa mshahara alikufa mbele ya kondoo wake, kwa wakati alioona unafaa.

Miaka 45 baadaye swali la ubatizo lilirudi na makali mapya. Diocletian, kwa amri iliyotangazwa Februari 303, hakuanza na watu. Alianza na majengo na vitabu: makanisa yabomolewe, maandiko yachomwe. Kuanguka kukapata namna ya nne, kuwakabidhi watawala maandiko. Kule Misri, Petro, askofu wa Aleksandria, alitoa kanuni zake Pasaka ya mwaka 306, akifuata njia ileile ya kupima kila kisa. Aliyeteswa kweli kisha akashindwa, na ametubu miaka mitatu, aongezewe siku 40. Aliyefungwa tu bila kuteswa, mwaka mmoja. Aliyecheza hila ya kujifanya ametambika, miezi 6. Mtumwa aliyetumwa na bwana wake atambike badala yake, mwaka mmoja. Bwana aliyemtuma, mitatu. Aliyelipa fedha ili aachwe huru hana la kujibu, kwa kuwa amepoteza mali kulinda roho. Linganisha na Karthago ya mwaka 251, ambako fedha ilikuwa kosa.

Afrika Kaskazini ilikosa utulivu huo. Kwa bahati kumbukumbu za upekuzi mmoja zimesalia, za mji wa Cirta huko Numidia, tarehe 19 Mei 303. Munatius Felix, msimamizi wa mji, aliingia kwenye nyumba ambamo Wakristo walikusanyika, akiwa na karani. Karani akahesabu: vikombe 2 vya dhahabu, vikombe 6 vya fedha, birika 6 za fedha, taa 7 za fedha, taa 11 za shaba na minyororo yake, kanzu 82 za kike, ushungi 38, kanzu 16 za kiume, jozi 13 za viatu vya kiume, jozi 47 za viatu vya kike. Ukisoma orodha hiyo unaona ghala la kuwavisha maskini likihesabiwa kama nyara. Shemasi mdogo Silvanus na mwenzake wakatoa kasha la fedha na taa ya fedha, wakisema wamevikuta nyuma ya mtungi.

Makabati ya vitabu yalikuwa matupu. Vitabu walikuwa navyo wasomaji, kila mtu kwake. Mashemasi wadogo wawili walikataa kutaja nyumba: sisi si wasaliti, tuamuru tuuawe. Wakakamatwa. Wengine wakaonyesha nyumba. Hapa vitabu 4, pale 5, kwingine 8. Victor, mwalimu wa sarufi, akatoa viwili na mafungu manne ya kurasa. Alipoambiwa unavyo zaidi, akajibu kwamba angekuwa navyo angetoa. Mume hayupo nyumbani, mke akaleta 6. Wote hao hawakuteswa hata kidogo.

Mwaka 311 au 312 Karthago ilimchagua Caecilian kuwa askofu. Wapinzani wakadai kwamba mmoja wa waliomwekea mikono, Felix wa Aptungi, alikuwa amekabidhi maandiko. Kwa hiyo mikono yake haina kitu, na aliyewekewa si askofu. Hoja ni ya Sipriani, imechukuliwa nzima na kupelekwa mahali ambapo yeye hakuifikisha. Wakaitwa Wadonati, kwa jina la kiongozi wao Donatus, wakajitangaza Kanisa la mashahidi. Mtaguso wa Arles wa mwaka 314 uliamua kwamba daraja takatifu, kama uaskofu, lililotolewa na aliyekabidhi maandiko linabaki halali, lakini mpasuko ulidumu zaidi ya miaka 100. Augustino, askofu wa Hippo, alilazimika kufanya kazi ambayo Sipriani hakuifanya: kuitenganisha sakramenti na mikono ya anayeigawa, ili ubatizo uwe wa Kristo hata mbatizaji akiwa Yuda.

Cirta nayo ilipata askofu wa upande wa Wadonati. Alikuwa Silvanus, yule wa taa ya nyuma ya mtungi. Mwaka 320 aligombana na shemasi wake Nundinarius, na shemasi akampeleka mbele ya Zenophilus, mtawala wa Numidia. Shahidi wa kwanza kuitwa alikuwa Victor, mwalimu wa sarufi. Alisema hajui lolote kuhusu kukabidhi, kwamba siku zile alikuwa amekimbilia mlimani. Zenophilus akaagiza kumbukumbu zisomwe. Karani akafungua jalada la miaka 17 iliyopita na kusoma kwa sauti, kikombe kwa kikombe, jozi kwa jozi, mpaka alipofika kwenye jina la Silvanus na taa ya fedha, na kwenye jina la Victor na vitabu vyake viwili.